Karatasi Haina Shemeji

Katika nchi yetu, tajiri akitaka kumwajiri mgeni kutoka nje, sharti kwanza aithibitishie serikali kwamba wenyeji wote, tangu ncha ya kaskazini hadi ncha ya kusini, hawaiwezi kazi ile. Sisemi mimi. Ndivyo fomu ilivyosema, katika nakala tano, kwa Kifaransa kilichonyooka. Mtu aliyekaa karibu miaka thelathini akiupokea ushahidi huo wa ujinga wetu, akiusoma mstari kwa mstari na kuuhifadhi kabatini, ndiye ninayetaka kumwandika hapa. Jina lake silitaji. Sote tulimwita Mkaguzi, na hata alipobisha hodi nyumbani kwa mtu akaulizwa ni nani, alijibu hivyohivyo, "Mkaguzi," bila kuongeza neno.

Nilimjua kwanza Mahajanga, bandari ya magharibi ya Madagaska, mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, napiga chapa katika duka la jumla la Mhindi mmoja aliyeuza vitambaa na misumari. Mji ulikuwa umetoka katika siku mbaya. Wengi wa watu wetu wa asili ya Komoro walikuwa wamepakiwa kwenye meli na ndege kurudishwa visiwani, wengine visiwa ambavyo hawakuwahi kuviona hata kwenye picha. Baba yangu alibaki kwa sababu alikuwa na cheti cha uraia alichokihangaikia miaka sita, na tangu siku hizo akawa anakitembeza mfukoni hata akienda msalani. Kwa hiyo mimi heshima ya karatasi sikufundishwa na ofisi yoyote. Nililelewa nayo.

Siku hizo serikali ilitaka kila kiti kikaliwe na mwenyeji. Mkaguzi, wakati huo kijana wa miaka thelathini hivi, aliiamini kauli hiyo kwa moyo wake wote, jambo ambalo nadhani hata walioitunga hawakulitarajia. Alikuja dukani kumkagua mhasibu wetu, binamu wa tajiri aliyeletwa kutoka Bombay. Aliketi, akavua miwani, akaifuta, akaniambia nimsomee barua niliyoipiga mwenyewe, ile iliyosema kwamba katika mji mzima wa Mahajanga hakupatikana mtu anayejua kujumlisha. Nikaisoma. Akaniuliza kama mimi najua kujumlisha. Nikasema najua. Akaniuliza saba na nane ni ngapi, nami kwa ujana wangu nikamjibu, na tajiri akaanza kukohoa. Binamu alirudi Bombay baada ya miezi mitatu. Mimi nilifukuzwa wiki ileile, kwa kosa la kujua hesabu.

Tulikutana tena baada ya miaka kumi, katika kisiwa cha Nosy Be. Familia yetu ilikuwa imehamia Dzamandzar, baba akipima miwa kwenye kiwanda cha sukari, na mimi nilikuwa karani wa wafanyakazi katika hoteli ya pwani iliyomilikiwa na wazungu wawili wasiosalimiana. Watalii walianza kumiminika, na nyuma yao wakaja wageni wenye utaalamu wa kila aina. Mkaguzi naye alikuwa amehamishiwa kisiwani, kwa adhabu, walisema watu, maana Mahajanga alikuwa amewachosha wakubwa. Nilipompelekea faili ya kwanza alinitazama kwa muda. "Kumi na tano," akasema, na akatabasamu kwa shida, kama mtu mwenye jino bovu.

Alikuwa na mambo yake. Stepla hakuitaka. Alisema hewa ya bahari huzila pini, na kutu ikishafika kwenye sahihi, hiyo si sahihi tena bali ni uchafu. Alitaka karatasi zishonwe kwa uzi. Basi kila mwajiri wa kisiwa kile, pamoja na wenye hoteli waliokuja na kompyuta zao kutoka Ulaya, alikuwa na sindano na uzi mweupe mezani, na mimi nikashona faili za wazungu kwa ustadi ambao wanangu hawakuwahi kuuona kwenye nguo zao. Uzi ukiwa mweusi aliirudisha faili. Uzi mweusi, alisema, ni wa maiti, ingawa sijawahi kusikia popote kwamba maiti wana desturi hiyo.

Rushwa hakula, na hilo liliwatesa watu kuliko angekula. Mlaji unajua utamfikia wapi. Kitu kimoja tu alichokipenda duniani ni achari ya ndimu, na mama yangu alikuwa hodari wa achari. Siku moja nilimpelekea chupa, na faili yetu moja ilikuwa mezani kwake. Aliipokea kwa mikono miwili, akainusa, akafumba macho, kisha akachukua karatasi akaniandikia stakabadhi: nimepokea achari ya ndimu, chupa moja, haihusiani na maombi yoyote yaliyo mbele ya ofisi hii. Akatia sahihi, akanipa nakala, na nyingine akaihifadhi. Faili ile aliikataa siku ya pili yake, kwa sababu ya picha iliyopigwa upande. Chupa aliirudisha ikiwa tupu na imeoshwa.

Mwenye hoteli mwingine, jirani yetu, alisikia kwamba Mkaguzi yuko bara na anarudi kisiwani. Akamtumia boti yake ya mwendo kasi hadi bandari ya bara ya Antsahampano, imetandikwa mito, ina soda ndani ya barafu. Mkaguzi alimshukuru nahodha kwa adabu, akamweleza kwamba boti ile ni sehemu ya faili, kisha akapanda pantoni pamoja na ng'ombe na mifuko ya saruji. Alifika siku ya pili, suruali imekuwa nyeupe kwa saruji hadi magotini. Akaiomba faili ya jirani yetu na kuiidhinisha palepale. Asingeikataa hata hivyo, karatasi zote zilikuwa sawa. Alitaka tu kuiidhinisha huku ananuka ng'ombe.

Lile neno lake lililojulikana kuliko yote lilianzia nyumbani kwake. Kaka wa mkewe alikuwa na mshirika kutoka Réunion aliyetaka kibali, na siku ya sikukuu, wali uko mezani, akaleta maombi hayo kati ya mchuzi na matunda. Mkaguzi alinawa mikono, akafuta mdomo, akasema, "Karatasi haina shemeji." Kisha akaendelea kula. Mkewe alikwenda kwa mama yake mwezi mzima, na Mkaguzi akawa anakuja kazini na harufu ya wali ulioungua. Ombi la shemeji lilikataliwa. Tangu hapo, yeyote aliyemwendea kwa kutaja udugu, ujirani au mtoto anayeumwa aliambiwa maneno hayohayo, na faili yake ikashushwa chini ya zote. Kisiwa kizima kiliyajua. Watoto waliyasema wakinyang'anyana daftari.

Ukimsikia hivyo utadhani ni mtu asiyeweza kudanganywa. La hasha. Hakuna mtu aliyedanganywa kama yeye. Uongo wa mdomo alimfukuza aliyeusema, lakini uongo wa maandishi, ukiwa na sahihi tatu na uzi mweupe, aliulaza kabatini kwa heshima zote. Sheria ilitaka kila kazi inayoombewa kibali itangazwe kwanza siku thelathini kwenye ubao wa ofisi yake, ili mwenyeji anayeiweza ajitokeze. Matangazo ya hoteli yetu niliyaandika mimi, na bila kujisifu, nilikuwa bingwa. Kwanza unamtazama mgeni ambaye ameshafika na ameshapewa chumba. Halafu unaandika tangazo linalomfaa yeye tu. Anatakiwa msimamizi wa mandhari, ajue Kifaransa na Kiitalia, awe ameishi miaka kumi kando ya ziwa, awe na uzoefu wa maua yasiyoota katika nchi hii. Siku thelathini zikapita bila kujitokeza mtu. Wenyeji bwana, hatujitumi.

Tena sheria ilitaka kila mgeni awe na mrithi, yaani mwenyeji atakayefundishwa kazi ile mpaka aimudu, ndipo mgeni aage aende kwao. Kila kibali kilipokaribia kuisha, Mkaguzi alikuja mwenyewe kumtahini mrithi. Mrithi wa msimamizi wa mandhari alikuwa mtunza bustani wetu, mtu mpole aliyekuwa akimwona mwalimu wake kila siku kwenye kiti cha barazani. Mkaguzi alimwuliza amejifunza nini katika miaka miwili. Mtunza bustani akafikiri sana. Akajibu kwamba amejifunza kukaa, lakini bado hajaweza kukaa muda mrefu. Mkaguzi akaandika, "Mafunzo yanaendelea," na kibali kikaongezwa miaka miwili mingine.

Hayo ndiyo maneno aliyoyaandika kila mahali, hoteli zote, maduka yote, vyombo vyote vya kuzamia. Mafunzo yanaendelea. Mpaka siku nitakayoisimulia sikuona mrithi aliyefaulu, na hilo halikuwa ajabu, maana hakuja kwa kushtukiza. Alitanguliza barua siku tatu kabla. Kila mwajiri alijua siku tatu hizo ni za nini. Ni za kumweka mrithi chini na kumpangia ajue nini na asahau nini. Akionekana hajui kabisa, mwajiri ana kosa la kutofundisha. Akijua sana, mgeni anafunga mizigo. Katikati hapo ndipo uchumi wa kisiwa ulipokaa.

Sasa nifike kwa mume wangu, maana nimekuwa nikimzunguka.

Alizaliwa Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote vya Komoro, na pale hotelini alikuwa fundi wa mitambo ya baridi: vyumba vya samaki, mashine ya barafu, majokofu yote. Tulioana msikitini, kwa mahari na ubani na wajomba kuvaa kanzu. Serikali hatukuipelekea habari. Mbele ya Mwenyezi Mungu nilikuwa mke wa mtu, na mbele ya meya nilikuwa mwanamke asiyeolewa mwenye watoto wawili. Kila mwaka tulisema mwaka huu tutakwenda kwa meya, na kila mwaka meya alitaka cheti cha kuzaliwa kutoka Mwali, na Mwali ilijibu kwamba daftari lililowa mvua. Basi kuishi kwake nchini kulitegemea kibali cha kazi peke yake. Kibali cha kazi kikikatika, na cha kuishi kinakwenda nacho, na mtu mwenyewe pia.

Faili yake niliishona mimi. Ndani yake aliitwa mfanyakazi wa kigeni, nami nililiandika neno hilo kwa mkono uleule uliomkorogea uji asubuhi. Mkaguzi hakujua, na sikumwambia. Ningemwambia, angenijibu neno lake. Halafu wazungu wangu wawili, ambao hawakusalimiana lakini kufukuza mtu walipatana, wangegundua kwamba karani wao anapitisha karatasi za mumewe. Watoto walikuwa wawili na mishahara miwili. Sikutaka kucheza na yote kwa pamoja.

Mrithi wa mume wangu alikuwa mzee kuliko yeye, mvi kichwa kizima, fundi mitambo aliyestaafu mapema kutoka kiwanda cha sukari. Na hapa ndipo msiba ulipoanzia, kwa sababu mume wangu alimfundisha. Namaanisha alimfundisha kweli. Kwao, na kwetu pia tuliotokana nao, fundi ni mwalimu, awe wa Kurani au wa nyundo, na mwanafunzi akishindwa mbele za watu anayeaibika ni fundi. Vibali viwili vya kwanza vilipita kwa sababu mzee alikuwa bado kweli anajifunza. Cha tatu kilipokaribia kuisha, alikuwa amebakiza jambo moja tu asilolijua: kuiwasha kompresa upya baada ya gesi kuvuja.

Barua ya Mkaguzi ikaja. Jioni ile nilimweleza mume wangu kwa upole kwamba mzee asahau koki moja tu, moja, hata ile ndogo. Alinitazama kana kwamba nimemwambia akojoe kisimani.

"Miaka sita namfundisha," akasema, "halafu nimwambie mtu mwenye mvi ajifanye mjinga mbele za watu?"

Nikamwambia watu wenye mvi nchi nzima wanajifanya wajinga na wanakula vizuri. Siku tatu zile, ambazo waajiri wote wa Nosy Be walizitumia kufuta, yeye alizitumia kumwonyesha mzee lile jambo moja lililobaki. Walikuwa wakijifungia kwenye chumba cha mitambo, nasikia wakirudiarudia. Siku ya tatu mzee alipita jikoni kwangu, akasimama mlangoni, kofia mkononi. Akaniambia, "Shemeji, usiwe na wasiwasi. Mimi nitashindwa." Nilimjazia sahani mpaka akacheka.

Mkaguzi alifika asubuhi na daftari lake. Akaagiza mitambo izimwe, mume wangu atoke nje, mzee aiwashe peke yake. Mimi nilisimama mlangoni na faili, kama kazi yangu ilivyotaka, mume wangu kando yangu akitazama ukuta. Ndani, mzee alianza kushindwa. Alikuna kichwa. Akauliza swichi iko wapi. Akafungua koki isiyo yake. Alikuwa mwigizaji mbaya sana, lakini Mkaguzi alizoea waigizaji wabaya, na nikamwona ameshaanza kuandika lile neno la "Mafunzo." Kompresa ikaunguruma vibaya, sauti ya chuma kinachoumia. Nikamwona mume wangu anageuka. Nikamshika shati.

"Hivyo ndivyo nilivyokufundisha?" akapaza sauti.

Mzee alisimama wima. Aliutazama mlango, akanitazama mimi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba radhi. Kisha akaifunga koki ile, akasubiri, akainamisha sikio, akafungua zinazotakiwa moja baada ya moja kwa utaratibu wake, na mashine ikashika. Hata hakuulizwa zaidi. Aliweka mikono nyuma kama mtoto wa chuoni anayesikilizwa sura, akaeleza kila bomba linatoka wapi linakwenda wapi. Mkaguzi alikata alichokuwa ameandika. Nje, mume wangu alikuwa anatabasamu kwa fahari. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa muda mfupi nilikuwa na fahari pamoja naye.

Jibu lililetwa na tarishi baada ya wiki. Kwa kuwa mrithi ameonekana kuimudu kazi kikamilifu, kibali hakiongezwi. Mgeni ana siku thelathini. Ofisi inampongeza mwajiri kwa kuitekeleza sheria. Mmoja wa wazungu wangu alilia kwa hasira, maana mashine zake zilikuwa salama kwa mzee, lakini sasa aliogopa pongezi nyingine za kumwondolea wageni wake. Yule msimamizi wa mandhari, ninavyokumbuka, aliendelea kukaa.

Nilikwenda ofisini kwa Mkaguzi siku hiyohiyo. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilimkuta amesimama, na faili ya mume wangu haikuwa kabatini. Ilikuwa mezani, peke yake, ameinyoosha uzi wake. Sikuwahi kumwona amefurahi hivyo. Alinivutia kiti, yeye ambaye hakuwahi kumvutia mtu kiti.

"Ya kwanza, mama," akasema. "Tangu nianze kazi hii, ya kwanza kabisa."

Akanieleza kwamba vijana wenzake walishaacha kuamini, kwamba walimcheka, kwamba alikuwa anaanza kuamini wao ndio wenye akili. Na sasa tazama, mwenyeji amekishika kiti kwa haki. Maneno yalikuwa hapa kwenye ulimi wangu: yule ni mume wangu. Manne tu. Nikasema, "Asante, Bwana Mkaguzi," nikaondoka.

Mume wangu alipanda meli ya mizigo Mahajanga, na kutoka Moroni akavuka hadi kwao. Tulisema miezi sita, mpaka daftari la Mwali likauke. Alirudi mara tatu, kila mara kwa viza ya utalii. Afisa alimwuliza anakuja kutembelea nini, naye akataja mtaa wetu. Alikaa kwake siku thelathini, akarekebisha jokofu langu na ya majirani wote, akapiga picha na wanawe kama mtalii mwingine yeyote, akaondoka. Mara ya nne hakuja. Ilikuja barua ya kaka yake, kwamba ameoa huko, mwanamke wa kijiji chao, na kwamba ananiomba radhi. Niliumia, na kwa hilo sina mzaha wa kulifunikia. Niliumia sana, miaka mingi.

Watu walimlaumu yeye kwa ule ukelele wa mlangoni. Mimi sikumlaumu, angekaa kimya asingekuwa yule niliyempenda. Nilijilaumu mwenyewe. Nilijiambia kwamba siku ile Mkaguzi alikuwa amelainika, kwamba hata jiwe lina siku yake, kwamba neno moja langu mbele ya furaha ile lingetosha. Nililirudia hilo nikipika, nikishona faili, nikiwavalisha watoto. Watoto walipokua na kuniuliza kwa nini baba alifukuzwa, niliwaambia ni sheria. Sikuwaambia kwamba mama yao alisimama mbele ya sheria na akaishukuru.

Miaka kumi na moja baada ya mtihani ule nilikuwa nimerudi Mahajanga, nashughulikia karatasi za hoteli kadhaa. Siku moja nilikwenda Antsanitia, kijiji cha wavuvi kaskazini ya mji, kwenye hoteli ndogo ya ufukweni. Meneja aliniomba nisubiri, kwa kuwa siku hiyo wana ukaguzi. Nikamwuliza ukaguzi gani, maana mimi ningejua. Akacheka, akanieleza kwamba ni mzee mmoja mstaafu anayeishi kijijini kwa binti yake. Kila mwezi huja akadai orodha ya wafanyakazi, akaisoma yote, akaandika makosa, akanywa kahawa akaenda. Hakuna aliyemtuma. Walimwacha kwa sababu makosa yake yalikuwa ya kweli.

Alikuwa barazani, miwani minene, shati limepigwa pasi kwa mkono usioona vizuri. Alinitambua kwa sauti. Tukaulizana afya, tukaulizana wafu. Mkewe alikuwa ametangulia. Kazi yake, alisema, haikuacha kitu. Kabati zile zote zilipelekwa ghala moja likaingia mchwa. Lakini alikuwa na siku moja. Akaanza kunisimulia mtihani wa chumba cha mitambo, kana kwamba sikuwapo: mzee wa mvi, koki, sauti ya mashine ilivyobadilika. Alikumbuka hata mpangilio wa mabomba. Alinisimulia huku akipiga meza taratibu kwa kidole, na nikaona kwamba katika maisha yote ya mtu huyu hiyo ndiyo siku pekee aliyokuwa anaitazama.

"Na yule aliyemfundisha?" nikauliza.

"Yule wa Mwali," akasema. "Aliyepiga kelele. Fundi mzuri sana. Sikujua alikwenda wapi."

"Alikuwa mume wangu."

Aliacha kupiga meza. Bahari ilikuwa imekupwa, na wanawake wa kijiji walikuwa mbali wakiokota chaza. Alivua miwani, na bila miwani macho yake yalikuwa madogo na mekundu.

"Ungeniambia," akasema.

"Ungefanya nini?"

Ningekuwa nimemwuliza mtu mwingine yeyote Madagaska, angejibu haraka, kwa huruma, uongo. Yeye aliitafuta kwanza siku ile, akiweka kila kitu mahali pake, na mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti.

"Ningekataa," akasema mwishowe. "Ningekataa vilevile. Ila nisingemtuma tarishi. Ningekuja mwenyewe kukuambia."

Nililia hapohapo mbele ya meneja, wala sikuona haya. Miaka kumi na moja nilikuwa nimebeba kosa la kunyamaza, kumbe hakukuwa na neno la kusema. Mzee yule alinitua mzigo huo kwa kunikatalia mara ya pili, na ndicho kitu pekee alichowahi kunipa bila barua ya maombi.